Stika ya Msibani

Mtani namjua mimi. Siku tuliyomzika kaka yangu kule Milola, watani zetu walitusumbua tangu asubuhi. Mzee mmoja alivaa kanzu ya marehemu akawa anachechemea kama yeye, tukacheka huku machozi yanatutoka. Lakini mzee huyohuyo ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi, na wakeze wakateka maji na kuosha masufuria.

Sasa mjukuu wake, lile libwege la kidato cha nne! Hakushika jembe wala ndoo. Alishika simu. Binti wa kaka yangu, anayesoma naye darasa moja, alipoanguka akilia, kanga imemdondoka, kamasi zinamtoka, yeye akampiga picha. Matanga hayajaisha, picha imeshakuwa stika, chini imeandikwa "Pilau imeisha". Ikasambaa kwenye magrupu ya simu. Timu imefungwa, wanatuma. Bando limekata, wanatuma.

Mtoto akagoma kwenda shule, na mtihani wa taifa umebaki siku chache. Wifi yangu alinipigia simu Somanga, ninakouza samaki wa kukaanga. Nilipofika alitaka kunionyesha hiyo stika. Nikamwambia sitaki kuona uchafu, nionyeshe nyumba ya huyo mshenzi.

Kijana alikuwa barazani, macho kwenye kioo cha simu.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Marahaba yangu ina wenyewe.

Mama yake akatoka anacheka. "Jamani, si utani huo? Mbona babu yake alivyovaa kanzu hamkununa?"

"Babu yake alichimba kaburi. Mwanao kachimba nini?"

Kijana akanung'unika kwamba watu wanamaindi vitu vidogo, tena yeye ameshafuta. Ameshafuta! Kaitawanya wilaya nzima, halafu anafuta kwenye kisimu chake na kujiona muungwana. Hovyo kabisa. Nilimchamba mpaka majirani wakatoka nje, na sijutii hata neno moja. Mwanamume mzima wa ndevu tatu, ushujaa wake wote uko kwenye kidole gumba.

Nikarudi kifua mbele. Nikamkuta binti chumbani, nikamwambia, "Nimekumalizia kazi. Jumatatu unavaa sare, unakwenda kufanya mtihani wako. Wanaokucheka ni wajinga, hawana utu, hawana malezi."

Akanyoosha mkono, akanipa simu yake. Alikuwa amepiga picha ya stetasi yangu mimi. Ilikuwa ya wiki moja nyuma, siku umeme ulipokatika Somanga kutwa nzima samaki wangu wakaharibika kwenye friji. Kuna mwenzangu wa sokoni alikuwa amenirushia kikatuni cha mtu analia. Sikuwa na miwani, niliona mdomo wazi na maandishi ya pilau, nikacheka, nikakiweka. Juu yake nikaandika, "Hoi bin taabani." Kila mwenye namba yangu alikiona.

Nilianza kujieleza. Miwani, umeme, kioo kidogo. Nilijisikia ninavyoongea, ovyo kuliko yule kijana, maana yeye hata hakusema hakumtambua.

Mtoto hakupandisha sauti.

"Shangazi," aliniuliza, "na wewe ni mtani wangu?"

Jumatatu mtihani ulianza, na yeye alikuwa amelala amegeukia ukutani.