Nyumba Mbili, Maneno Yale Yale

Juzi, katika duka la intaneti hapa Mji wa Kale, mzee mmoja alikuwa akimlalamikia binti wa kompyuta. Wake zake wawili kila mmoja ana nyumba yake ya wageni, naye kwa kuogopa lawama alizitangaza mtandaoni kwa maneno yale yale, herufi kwa herufi.

“Nikitafuta, yatokea ya bi mkubwa tu. Bi mdogo hasemi nami!”

“Mashine ya kutafutia yaona maneno ni yale yale, baba, yaonyesha ukurasa mmoja. Iandikie kila nyumba sifa zake.”

Mzee alivua kofia akajipangusa jasho.

“Sifa mbalimbali? Mwanangu, na wenyewe wakizisoma?”

Walioiunda mashine ile ni hodari, lakini nahisi wana mke mmoja mmoja.