Rada Tatu kwa Baba Mkwe Mmoja

Niliondoka Louisville kwa sababu ya woga, wala sioni haya kusema. Baba mkwe wangu anaishi Lackawanna, karibu na Buffalo, na huko mzungu mmoja mwenye shamba humruhusu kuwinda kulungu kwa sharti moja: kabla ya msimu kufunguliwa, apige bamba la chuma lililo yadi mia mbili. Mwaka juzi alikosa. Mwaka jana akakosa, na wawindaji wenzake wakacheka. Mwaka huu akikosa, nafasi anapewa mwingine. Mzee huyu alilisha nyumba yake kwa mitego kule Kivu, na kuchekwa na watu wa kulungu kunamchoma.

Lawama zote aliitupia rada yake, kile kimashine cha kupima kasi ya risasi. Usipoijua kasi, hujui risasi itashuka kiasi gani njiani, na darubini ya bunduki utaitega ovyo. "Ile machine inanidanganya," aliniambia kwa simu. "Lete ingine, tulinganishe."

Shida yake nilikuwa naijua. Kabla risasi haijatoka, anafumba macho na kuuinamisha mtutu. Lakini wewe uliyepewa binti wa watu, unaanzaje kumwambia baba yake kwamba anaogopa mlio? Nikaona nafuu ninunue rada.

Columbus nilifika mchana, mtaa wa Linden, kumchukua mwanyumba wangu Pascal, aliyeoa mdogo wa mke wangu. Naye alikuwa na rada. Ile yangu inaingia mfukoni kama kipande cha sabuni. Yake ni libamba pana la rangi ya chungwa, lenye miguu mitatu, lililokaa kiti cha nyuma kama bibi harusi.

"Utamuambia weye," alisema hata kabla hajafunga mkanda.

"Wewe Mkongo mwenzake."

"Bon, na weye ndiye ulioa wa kwanza. Mukubwa anatangulia."

Tulibishana hivyo Ohio nzima. Tulipoliona ziwa Erie tulikuwa tumeafikiana kwamba, ikibidi, mzee na afe na ujinga wake.

Lackawanna tulipokewa kwa bugali na sombe, kisamvu cha kwao, tukashiba hadi aibu. Mzee alikagua rada zetu mezani, akazigeuzageuza kama anayechagua samaki. "Kesho tutajua ni gani ya bongo," alisema, yaani ipi ya uongo.

Jumamosi asubuhi nikawaendesha wote hadi uwanja wa shabaha. Upepo wa ziwani ulikuwa unachuna masikio. Tulizipanga rada tatu kando ya bunduki. Yangu niliiwasha, basi. Ya Pascal ilitaka kulengwa sawasawa kwenye shabaha, na jirani alipofyatua ikahesabu risasi ya jirani. Ya mzee haikusema neno mpaka iunganishwe na simu, na simu ilikuwa inazimika kwa baridi. Lakini zilipokubali kufanya kazi, zote zilisema jambo moja: futi elfu mbili mia saba kwa sekunde, na tofauti ya futi tatu au nne. Ila kila mzee alipofyatua, bamba lilibaki limening'inia, safi, halina hata mkwaruzo.

"Donc machine hazina kosa," mzee alisema. "Basi ni masasi. Hii masasi ni ya bongo."

Pascal alinitazama. Mimi nikatazama ziwa. Kwa heshima, sisi wakwe ndio tuliokuwa tunamtilia risasi, asijisumbue. Mkobani nilikuwa na risasi bandia ya mazoezi, isiyo na baruti. Nikaitia hiyo.

Mzee alilenga, akavuta. Hakukuwa na mlio. Rada zote tatu zikakaa kimya. Lakini mtutu uliinama mpaka karibu uguse meza, na macho yake yalikuwa yamefumbwa kabisa. Alipoyafumbua, alikuta mtutu unatazama majani.

Aliinuka mezani, akatugeukia.

"Mulikuwa munajua?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," Pascal alijibu, akiiongelesha miguu yake.

"Na mukanunua machine! Muliacha bazungu banicheke, myaka mbili, banichekelee mbele ya batu, juu ya kuniheshimu? Ile ni heshima gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Heshima yote niliyoendesha nayo kutoka Louisville nikaiona ilivyo: ilikuwa inanilinda mimi, na yeye ndiye aliyekuwa analipa. Nikamwomba radhi. Alijipangusa kamasi, akarudi kuketi. "Weka ingine ya bila kitu," alisema.

Tukashinda hapo. Risasi bandia, risasi ya kweli, bandia tena, asijue ipi inakuja. Jioni mtutu ulikuwa umetulia, na bamba likalia mara mbili. Rada tulishazisahau, ya Pascal ilianguka kifudifudi na hakuna aliyeiinua.

Jumapili tulirudi, Pascal nikimshusha Linden. Ukiniuliza rada ipi bora, nunua ile ndogo, haina maringo. Lakini kabla hujatoa hela, mtazame kwanza anayefyatua, na umwambie unachokiona.

Wiki iliyofuata simu ililia. Mzungu alikuwa amemjaribu.

"Nimepiga," baba mkwe alisema. "Nafasi ni yangu."

Nikapiga ukelele mke wangu akaja mbio kutoka jikoni.

"Ngoja," mzee alisema simuni. "Sasa na miye nikuambie. Weye unaendesha gari mubaya sana. Siku ile ya kwenda uwanjani nilifunga macho njia yote."