Muhuri wa Dirisha la Saba

Karani wa dirisha la saba, hapa ofisini kwetu, ana vidole vyenye wino usiotoka, ingawa muhuri wake ulifutwa tangu leseni za biashara zianze kutolewa dirisha moja tu. Watu bado wanapanga foleni kwake kwa mazoea. Mimi ningeshawafokea zamani. Yeye anavua miwani, anainuka, anamsindikiza kila mmoja hadi dirisha la kwanza, taratibu, kama anayemtoa mgeni wake. Jana mama mmoja, fundi cherehani, alirudi na leseni yake mkononi akagoma kuondoka.

“Baba, nigongee tu. Bila muhuri wako si watanifungia duka?”

“Hawakufungii, mama. Imekamilika hiyo.”

“Hao wakubwa waliouondoa wanajua tunavyohangaika?”

Karani akafuta meza isiyo na vumbi. “Niliyeandika barua uondolewe ni mimi,” alisema. “Miaka kumi na tisa nimegonga, sijawahi kukamata kosa hata moja. Nilikuwa nawachelewesha tu.”

Mama akaikunja leseni, akaushika ule mkono wenye wino kwa mikono yake miwili.