Domodomo wa Fundi Kimeli

Chelangat hakulelewa kupenda samaki. Kwao Siongiroi samaki alihesabiwa ndugu ya nyoka, na siku mume wake Kimeli, fundi wa redio pale Kapsoit, alipoingia na mmoja akiwa hai ndani ya ndoo, alimwambia achague nani atalala nje. Samaki huyo Kimeli alimpata kwa Nyakundi, mchuuzi anayeleta samaki kutoka Sondu. Watu wa huko humwita domodomo, kwa ule mdomo wake uliorefuka kama mkonga wa ndovu mchanga.

Kimeli alimjengea nyumba ya kioo sebuleni, akamwekea mchanga na chungu kilichopasuka cha kujifichia. Halafu akafanya ya kifundi. Alitumbukiza nyaya mbili majini, akaziunga kwenye redio kuukuu aliyoifungua tumbo, na redio ikaanza kugonga: ko, ko, ko-ko, ko. Akaeleza kwamba samaki huyu ana stima yake mwilini, umeme kidogo mno, huisikii hata ukimshika, na ndiyo anayopapasia njia kwenye maji ya matope. Chelangat alisikiliza, mikono kiunoni. Kisha akauliza kama hiyo stima inaweza kuchemsha chai.

Wanjiru, mwenye duka la jirani, naye hakumwacha. Alimwita mama wa bintiye Winny, kama wote walivyomwita. "Bot Winny, wenzako wanafuga ng'ombe wa gredi. Wewe unafuga kitoweo usichokula."

Lakini sikio huzoea. Miaka ikaenda, na Chelangat ndiye aliyekuwa akichimba minyoo chini ya rundo la samadi kumlisha yule mgeni.

Kisha Kimeli akaanguka kibandani mwake, chuma cha kulehemu mkononi. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na maneno yakabaki machache, ya kubembelezwa. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni, karibu na kioo. Tangu hapo hakutaka habari wala nyimbo, ni kule kugonga tu kwa redio. Ikigonga, alikunywa uji. Ikizimwa, aligeuza uso ukutani.

Basi kina mama wa kanisa wakatuma neno kwamba watakuja kumwombea mgonjwa. Chelangat akatazama kioo, akaona kimeota ukijani. Huyu ni mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia nyumba yake ni chafu. Kibuyu chake cha mursik, maziwa ya kugandisha, kilisifiwa mpaka Mulot: alikisugua kwa jivu na maji moto, akakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet, na maziwa yalilala humo bila kuharibika. Usafi alioujua ni huo, na ulikuwa haujamwangusha. Akamweka samaki kwenye karai, akamwaga maji yote, akasugua kioo kwa jivu mpaka kikang'aa, akakisuza juu juu, akamalizia kwa mkaa wake ule wa senetwet. Akajaza maji mapya, akamrudisha mwenyewe nyumbani kwake.

Kina mama walipoketi, redio iligonga kwa kasi isiyowahi kusikika humo, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Wakashangaa. Chelangat akawaambia, na kichwa juu, kwamba hata samaki anajua nyumba ikisafishwa. Kitandani, Kimeli aliinua mkono wa kushoto, akaupunga na kuupunga, akitoa sauti za kooni huku machozi yanamtoka. Kina mama wakasema Roho amemgusa. Wakaongeza wimbo.

Kimeli alikuwa akisema, mtoe. Hilo Chelangat alilielewa asubuhi, alipomkuta domodomo amelala ubavu juu ya mchanga, na redio inavuma tu.

Alimfukia kwenye mstari wa mwisho wa michai. Aliporudi, Kimeli alikuwa ameangalia ukuta. Uji wa asubuhi ukapoa, wa mchana ukapoa.

Jioni Chelangat akachukua kigoda, akaketi kando ya kioo, nyuma ya kichwa cha kitanda, asipoonekana. Akashika ncha ya waya, akaigusa kwa ukucha. Ko, ko, ko-ko, ko. Aliujua mpigo huo kama anavyojua nyimbo za kanisa lake.

Kimeli akageuza uso. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, vile alivyosikiliza redio za watu akitafuta ugonjwa uko wapi. Mdomo wake ukahangaika muda mrefu.

"Hiyo ni kidole," akasema.

Chelangat akaachia waya. Alitaka kumweleza habari ya jivu, na kina mama, na kibuyu.

"Zima." Na mkono wake mzima ukaanza kupapasa blanketi kando yake, huku na huku, polepole, kama kitu kinachotafuta njia kwenye maji ya matope.

Chelangat akazima. Akaja akaketi pale palipokuwa pakipapaswa, mpaka ule mkono ukamfikia. Uji ulikuwa kwenye meza, umeshika ngozi juu. Kimeli hakuuomba, na yeye hakumlazimisha.