Wembe Wangu na Kichwa cha Riziki

Watoto wote wa Kiislamu wa mtaa wetu hapa Kindu niliwanyoa mimi, Hamadi, siku yao ya saba. Nilijisifu mpaka msikitini. Basi mwaka ule Wabelgiji walipofungua dispansari karibu na kwetu, akazaliwa binti yangu Riziki. Nilimnyoa mwenyewe mbele ya watu, nikavimba kichwa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangeongeza: wala asimnyoe mwanawe.

Wiki ya tatu kichwa cha mutoto kikaota magamba ya manjano, mazito, yenye mafuta. Majirani wakanong'ona: wembe wa Hamadi njo mubaya, ndio ulioleta haya. Ee Mola! Waliokuwa na watoto wa kunyoa wakaenda kwa kinyozi mwingine.

Muntu mwenye akili angeuliza. Mimi nilinoa wembe. Mwanvua, mke wangu, alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamlaza Riziki magotini, nikaanza kuyakwangua magamba ili nifute aibu yangu. La kwanza lilitoka na damu. Mutoto akapiga kelele.

Mwanvua akaja mbio, akamnyakua. "Baba Riziki, usimuguse tena! Hata kumupakata, hapana!"

Tukaenda dispansari, yeye mbele na mutoto, mimi nyuma na wembe wangu ndani ya kitambaa, ili munganga auone ulivyo safi. Mjinga gani anampelekea munganga wembe?

Munganga Jérôme hakuutazama. Alimkagua mutoto, akamwambia Mwanvua: "Mama, usiogope. Hii iko kwa batoto wengi. Si uchafu, haiambukizi, wembe haukuileta. Paka vazelini kidogo, ngoja magamba yalainike, halafu osha na maji ya vuguvugu na sabuni, na kitambaa laini, polepole. Usibandue. Itaisha yenyewe."

Nikaruka kwa furaha. "Mumesikia? Wembe wangu hauna kosa!"

Jérôme akanigeukia. "Ndiyo, Papa. Kidonda kwenye kichwa hiki ni kimoja tu, na ni chako."

Nikauficha wembe nyuma ya mgongo. Niliona haya, wallahi.

Wiki nne Mwanvua alipaka, akaosha. Kazi yangu ilikuwa kupasha maji, basi. Asubuhi moja alipangusa kichwa cha Riziki, kikawa laini, safi. Akamweka magotini pangu. Nilikaa mikono juu, naogopa.

"Mushike basi," akasema. "Ataanguka."