Zamu ya Mama

Mgeni akisikia neno kijiji, huwaza kuku, moshi wa jikoni na watu wanaosalimiana kila wakipishana. Kwetu, kwenye migongo ya juu ya Othaya, kijiji kilikuwa tusi. Hakuna aliyekijenga kwa kupenda. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwinda wapiganaji wa msituni, watu waliamriwa wabomoe nyumba zao zilizotawanyika mteremkoni na kujenga upya kileleni, nyumba zikiwa kwenye mistari, zimezungushiwa handaki, ili askari watuone sote kwa jicho moja. Jirani akikohoa, ulijua ni kifua au ni koo.

Hali ya Hatari ilipokwisha, handaki lilifukiwa na watu wakaanza kuhamia mashambani. Mashamba yalikuwa yamepimwa upya. Badala ya vipande vilivyotapakaa huku na kule, kila mwenye ardhi alipewa shamba moja jembamba, linaloanza juu barabarani na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni. Juu unajenga, katikati unapanda kahawa, chini penye maji unapanda nduma. Mpango mzuri kabisa, kwa aliyekuwepo siku ya kupimiwa. Baba yangu hakuwepo, alikuwa kizuizini. Vipande vyake viliunganishwa na vya kaka yake, baba yangu mkubwa, ambaye aliapa mbele ya wazee kwamba anamshikia tu ndugu yake mpaka arudi. Baba alirudi na kifua kibovu, akafa kabla hajaonyeshwa hata mpaka. Uhuru ukaja, tukaimba, na Mama akabaki kijijini na watoto wake akingoja kuonyeshwa yeye.

Siku hizo watu walihamishana kwa ngwatio, kazi ya zamu ya wanawake. Leo tunajenga kwako, kesho kwangu, na ukikosa kwa mwenzio usimtarajie kwako. Nyumba ya kijijini ilibomolewa asubuhi, nguzo na mabati yakabebwa mgongoni hadi shambani, na jioni kuta zilikuwa zimekandikwa. Mama hakukosa hata zamu moja. Alirudi na udongo mpaka kwenye nyusi, akatueleza mlango wa nyumba ile unatazama wapi, jiko limewekwa upande gani, maji yako mbali kiasi gani. Nilidhani anatupigia hadithi tu, kumbe alikuwa akichagua.

Kijiji kikazidi kuota mapengo. Tuliobaki tulikuwa wajane, vibarua, na watu ambao hakuna aliyetaka kuwakumbuka. Shuleni, kalamu ya mtu ikipotea, mwalimu alikagua kwanza mifuko ya watoto wa kijiji. Na waliotucheka ni wale wale waliokuwa wamelala mstari mmoja nasi mwaka uliotangulia. Mtu akishapata ua wake husahau haraka sana alikotoka.

Kisha zamu ikaangukia kwa baba mkubwa. Yeye mwenyewe alikuwa amehama zamani. Sasa alitaka kumjengea mwanawe wa kwanza aliyekuwa karibu kuoa. Tulipoteremka shambani, Mama na wenzake mbele, mimi nyuma na mtungi wa maji, tulikuta mashimo ya nguzo yamechimbwa upande wa chini, pale pale palipokuwa na kipande cha baba kabla ya mashamba kupimwa upya. Mama alisimama kidogo. Kisha akajifunga kitambaa, akaniambia nikanyage udongo.

Mchana tulikaa kula githeri. Mkubwa wa wanawake, bibi mmoja mwenye sauti nzito, akauliza kama ilivyokuwa desturi:

"Na tukitoka hapa tunaenda kwa nani?"

"Kwangu," Mama akasema. "Nyinyi wote nimewajengea." Akamgeukia baba mkubwa, aliyekuwa amekaa juu ya gogo. "Shemeji, tuambie basi. Nguzo zangu nitasimamisha wapi?"

Baba mkubwa alipangusa mdomo, taratibu.

"Wewe chagua mahali, mama. Hawa wote watakuja. Hata mimi nitabeba bati. Lakini hii shamba iko na mwenyewe."

Nilingoja mmoja wao aseme neno. Wote walikijua kipande cha baba. Wengine walikuwa wamelima wakipakana nacho miaka na miaka. Waliinamia bakuli zao. Mmoja akaomba chumvi.

Namchukia baba mkubwa mpaka leo, na amekwisha kufa. Lakini yule wa chumvi namchukia zaidi.

Mama alinawa mikono. Nilidhani tunaondoka. Alirudi kwenye ukuta, akakandika upande wake mpaka mwisho, akaulainisha kwa kiganja kama vile yeye ndiye atakayelala ndani. Tulipokuwa tukipanda kurudi kijijini nikamwuliza tutahama lini.

"Hatuhami," akasema. "Usiniulize tena."

Juma lililofuata zamu ilikuwa ya yule mwanamke wa chumvi, aliyetaka kuongezewa jiko. Asubuhi nilimkuta Mama mlangoni akijifunga kitambaa. Nilimwambia kwa hasira kwamba mimi siendi kumkanyagia udongo mtu kama yule, na kwamba hata yeye angekuwa na haya asingeenda.

"Basi baki," akasema. "Mimi sitaki waseme kuna siku nilikosa."