Upanga wa Umm Salal

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa tatu Doha, kampuni yetu ya ulinzi ilinipeleka mimi na wenzangu saba kulinda tamasha la familia katika shamba moja kule Umm Salal. Tulikuwa tunaishi Najma, watu sita chumba kimoja, juu ya duka la fundi wa simu, na basi lilikuja kutuchukua kila Ijumaa na Jumamosi mchana. Waandaaji walikuwa wamejenga ngome ya Kiingereza ya mbao na turubai katikati ya mitende. Mbele ya lango lake waliweka jiwe kubwa la plasta lililochomekwa upanga. Hapo ndipo palikuwa lindo langu.

Upanga ulishikwa na sumaku ya umeme. Nilikuwa na rimoti ndogo mfukoni. Nikibonyeza, sumaku inaachia. Watoto walipanga foleni wakiambiwa kwamba atakayeuchomoa ndiye mfalme au malkia halali, na atavikwa taji na kupigwa picha. Hawakuambiwa kwamba kila siku, kabla lango halijafunguliwa, nilitumiwa kwenye simu picha ya mtoto wa kumbonyezea. Mara nyingi alikuwa mtoto wa mmoja wa wafadhili. Wengine walivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, wakashuka wakitazama viganja vyao. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimezoea.

Ambaye hakuzoea ni rafiki yangu, Mganda wa makamo aliyelala kitanda cha chini ya changu. Kwao alifundisha historia katika shule ya msingi hadi shule ikafungwa. Chumbani sote tulimwita Mwalimu. Lindo lake lilikuwa lango la magari, hatua chache kutoka kwangu, na kile kibao cha maelezo kilichowekwa kando ya jiwe kilimuudhi kwa sababu kilikuwa na makosa. Siku moja kwenye basi alinisimulia hadithi yenyewe kama alivyoijua yeye.

Alisema zamani mfalme wa Waingereza alikufa bila mrithi anayejulikana. Kumbe alikuwa na mwana, amelelewa kwa siri katika nyumba ya watu wengine, na mwenyewe hajui. Upanga ukaonekana ndani ya jiwe kwenye uwanja wa kanisa. Mabwana wakubwa wakaja, wakavuta, wakashindwa. Kulikuwa na mashindano ya kupigana, na kaka aliyelelewa pamoja na yule mwana akawa amesahau upanga wake nyumbani. Akamtuma mdogo wake. Mdogo akakuta nyumba imefungwa, akapita kanisani, akauchomoa ule wa kwenye jiwe bila kujua ni kitu gani, akampelekea. Kaka alipouona aliutambua. Akaenda kwa baba yake na kumwambia, mimi ndiye mfalme.

"Baba hakubisha," Mwalimu alisema. "Aliwachukua wote wawili mpaka kwenye jiwe, akamwambia yule mkubwa aurudishe, kisha auchomoe tena mbele yake. Akashindwa, na alipoulizwa aliupata wapi, akakiri kwamba aliletewa na mdogo wake."

Niliuliza kaka alifanywa nini alipokiri. Mwalimu akasema hakuadhibiwa. Mdogo wake alipotawazwa alimfanya msimamizi wa nchi yote. Nikacheka, nikasema kumbe uongo unalipa hata kwa Wazungu. Yeye hakucheka. Alisema yule mtu aliulizwa na baba yake akasema kweli, ndiyo maana alipewa. Halafu akaanza kunieleza habari za kwao, kwamba kule mfalme hatambuliwi kwa upanga bali kwa ngoma, na mfalme mpya husemwa amekula ngoma. Nilisinzia kabla hajamaliza.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alinipigia simu kutoka Kakamega. Mama yangu alikuwa amelazwa. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: ukiacha lindo, unarudishwa kwenu. Nilimpungia Mwalimu mkono, akaja, nikampa rimoti, nikaenda nyuma ya mahema kuzungumza. Sikukaa huko zaidi ya dakika kumi.

Nilisikia mayowe. Nilipofika, jiwe lilikuwa likitoa moshi mweusi kwenye ufa ambamo upanga uliingia, na watu walikuwa wamerudi nyuma. Mwalimu sikumwona. Baadaye ndipo Mwalimu aliponieleza kwamba nyaya za sumaku zilishika moto msichana mdogo akiwa amesimama juu ya jiwe, ameushika upanga kwa mikono miwili. Mwalimu alimnyakua, akamweka chini, kisha akaingiza mkono kwenye mlango wa nyuma wa jiwe na kung'oa waya uliokuwa ukiwaka. Nilipotokea mbio, yeye alikuwa ameenda bombani na kiganja kilichoungua.

Bibi wa yule msichana, mwanamke aliyevaa abaya, alinikamata mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa akilia na kuniombea dua kwa Kiarabu. Sare yetu ni moja na kofia ni moja. Kwake yeye mlinzi alikuwa mlinzi, mweusi, na huyu hapa karudi. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kunyoosha kidole kuelekea bombani. Niliinamisha kichwa tu, nikasema alhamdulillahi, ingawa mimi ni Mkristo.

Jioni ile kabla basi halijaja, Mwalimu alikuwa ameufunga mkono kwa kitambaa. Nilimwambia nitaandika ripoti kama ilivyokuwa. Akakataa.

"Andika ulikuwepo," alisema. "Ukisema hukuwepo watakurudisha, na mama yako yuko hospitali. Mimi nitasema nimeungua na birika la chai."

Niliandika hivyo. Alichonipa ni njia ya kunusuru kazi, na kama mambo yangeishia hapo labda leo tungekuwa tunacheka pamoja. Lakini baba wa msichana alimpigia simu mudiri wetu, meneja wa kampuni, kumsifu mlinzi wa upanga. Wiki moja baadaye niliitwa ofisini, nikapigwa picha, nikaambiwa nimekuwa msimamizi wa zamu. Mudiri aliniuliza maswali mengi kuhusu ratiba na lugha ninazojua. Kuhusu siku ile hakuuliza neno. Nilijiambia kwamba angeuliza ningesema, na maneno hayo niliyashikilia kwa miezi.

Mwalimu alinipongeza mbele ya wenzetu. Nilihamia chumba cha wasimamizi, ghorofa ya juu, watu wawili. Mwanzoni nilishuka kumsalimia kila siku, kisha kila wiki. Kiganja chake kilipona vibaya. Ngozi ilijikunja na vidole vitatu havikufunga tena. Nilimwona akikunja sare kwa mkono wa kushoto, nikaongea habari za mpira.

Mikataba ilipokaribia kuisha, mudiri alinipa fomu za kutathmini watu wa zamu yangu. Kulikuwa na sehemu ya uwezo wa mwili. Kwenye fomu ya Mwalimu niliandika: mkono wa kulia hauna nguvu. Ilikuwa kweli. Nadhani ndiyo kweli pekee niliyoiandika kumhusu katika karatasi za kampuni ile. Mkataba wake haukuongezwa.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nilimbebea sanduku. Alinishukuru kwa kumbebea, akanishika mkono kwa mkono wa kushoto, akaingia ndani bila kugeuka.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa mudiri mchana, nikafunga mlango, nikamweleza yote: simu, mahema, bomba, birika. Alinisikiliza akiwa anatia sahihi karatasi zake. Nilipomaliza aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Khalas," alisema. "Ripoti ilishafungwa, na watu wa bima wana nakala. Ukiifungua, utanifungulia matatizo. Rudi kazini."

Nilirudi kazini.

Ijumaa ile nilimpigia Mwalimu. Nilimwambia kwamba nimesema kweli, nikangoja.

"Umesema leo, ndugu yangu, baada ya mimi kuondoka," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesahihisha daftari. "Shule moja hapa iliniita kufundisha. Nilikwenda siku mbili. Chaki inaniponyoka."

Nilitaka kusema samahani, na kwa kweli nilisema, mara tatu au nne. Akanijibu kwamba amesikia. Aliuliza hali ya mama yangu, nikamwambia alipona, akasema vizuri. Halafu akaniaga kwa adabu, kama unavyomuaga mtu uliyekutana naye ofisini.

Tangu siku hiyo nimepiga mara nyingi. Simu inaita mpaka inakatika yenyewe.